Siri ya mtungi muulize kata: hadithi fupi nne juu ya ndoa zenye amani



Kuna neno moja ambalo halichoki kurudi kati yetu, iwe kwenye vikundi vya WhatsApp, iwe kwenye mabenchi ya chuo kikuu, iwe kwenye karamu ya arusi wakati chupa zimeanza kuisha: eti wanawake wa siku hizi hawana uvumilivu. Mama zetu walivumilia, ndoa zikadumu. Wa leo wamesoma, kwa hiyo wanakimbia kwa kitu kidogo tu. Anayesema vile hupigiwa makofi, na hata wadada wenyewe wanacheka na kukubali.

Mimi nataka kuuliza swali moja tu juu ya zile ndoa zilizodumu: nani aliangalia ndani? Wazee walisema siri ya mtungi muulize kata. Mtungi kwa inje ni mzuri, maji yamo, watu wanakunywa na kushukuru. Kata peke yake njo inafika chini. Na sisi tunahesabu mitungi mizima, tunasifu, lakini kata hatuiulizi.

Swali hili sitalijibu kwa mahubiri. Nitalijibu kwa hadithi fupi nne, tatu za Marekani na moja ya Ghana, zote zilizoandikwa na wanawake. Ya zamani zaidi ilitoka 1892, na ya mwisho iko kwenye kitabu cha 1970. Ni mbali na Bukavu, ni mbali na Lubumbashi, nakubali. Lakini mutaona kwamba bwana aliye ndani ya hizi hadithi munamjua. Pengine mulimpigia makofi siku ya arusi yake.

Jambo ninalosoma ndani ya zote nne ni hili: huzuni ya mwanamke haifichwi na mwanamke peke yake. Inafichwa na sifa nzuri za bwana yake, na inafichwa na macho ya watu wa karibu, ambao hawakufundishwa kusoma kitu kisichopiga kelele.

1. Saa moja nyuma ya mlango

Kate Chopin alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka wa 1850. Baba yake alikufa katika ajali ya treni mwaka wa 1855. Bwana yake alikufa 1882, akamwacha na watoto sita. Basi mambo ya ujane hakuyatoa vitabuni. Hadithi yake "The Story of an Hour", yaani Hadithi ya Saa Moja, ilitoka katika gazeti Vogue mwaka wa 1894. Ni fupi sana. Unaweza kuimaliza wakati unangoja maji ya bugali yachemke.

Habari yenyewe ni hii. Bibi Mallard ana ugonjwa wa moyo. Dada yake Josephine, pamoja na Richards, rafiki wa bwana, wanamwambia polepole kwamba bwana yake amekufa katika ajali ya treni. Analia sana palepale, mikononi mwa dada yake. Kisha anapanda chumbani na kujifungia peke yake. Anakaa kwenye kiti mbele ya dirisha lililo wazi. Inje miti imeanza kuota majani, mvua imetoka kunyesha, mchuuzi anatangaza vitu vyake, ndege wanalia. Na pale, taratibu, kuna kitu kinamkaribia. Anakiogopa, anataka kukisukuma. Kumbe ni furaha. Miaka inayokuja itakuwa yake mwenyewe.

Hapa wasomaji wengi wanakasirika. Wanauliza: mwanamke gani huyu? Halafu wanatafuta kosa la bwana kusudi waelewe. Alimpiga? Alikuwa na mwanamke wa inje? Alikuwa mlevi? Chopin anakataa kuwapa kosa hilo. Brently Mallard alimpenda bibi yake, na hadithi inalisema wazi. Bibi naye alimpenda, siku zingine. Mara nyingi hapana. Kitu anachokiona pale dirishani si ubaya wa mtu mmoja. Anaona namna watu, wanaume na wanawake vilevile, wanavyodhani wana haki ya kukunja nia ya mwenzao, na kwamba kuikunja kwa wema hakupunguzi kitu.

Kisha mlango wa chini unafunguliwa kwa ufunguo. Brently anaingia na vumbi la safari, mfuko na mwavuli mkononi. Hakuwa hata karibu na ile ajali. Bibi yake anaanguka na kufa, na waganga wanasema ameuawa na furaha.

Musiwacheke wale waganga haraka. Hakuna aliyesema uongo. Walitaja sababu ya kifo ambayo walikuwa na uwezo wa kuiwaza: mwanamke mwenye bwana mzuri, bwana karudi mzima, moyo umeshindwa kubeba furaha. Kisomo chao kiliwafikisha pale. Chopin hakumpa mtu yeyote ndani ya ile nyumba nafasi ya kujua. Alitupa sisi wasomaji tu. Ukifunga hadithi unabaki umebeba siri ya marehemu, na hakuna wa kumwambia. Kwangu mimi, hii njo kazi ambayo hadithi fupi inafanya vizuri kuliko riwaya: inakufikisha kwenye saa moja ambayo bwana hayupo, kisha inafunga mlango.

Tena angalia jina. Karibu hadithi yote ni Bibi Mallard. Jina lake mwenyewe, Louise, linasikika wakati amekwisha kujiona huru, na anayeliita ni dada yake, anayemsihi afungue mlango. Huku kwetu mwanamke akizaa tu anakuwa Mama Fulani. Ni heshima, siikatai hata kidogo. Lakini jina lililo kwenye diploma yake, nani analiita nyumbani?

2. Munganga aliyempenda sana

Charlotte Perkins Gilman, naye Mmarekani, alishikwa na huzuni nzito nyuma ya kuzaa mtoto wake wa kike. Mwaka wa 1887 alienda kutibiwa na S. Weir Mitchell, munganga mwenye sifa kubwa kwa dawa yake ya pumziko: mgonjwa alale, ale vizuri, asifanye kazi ya akili. Alirudishwa kwake na agizo la kuishi maisha ya nyumbani na kutoshika tena kalamu. Aliandika baadaye kwamba alilifuata lile agizo miezi kama mitatu, akafika karibu kabisa na kupoteza akili. Kisha akaliacha na kurudi kazini. Hadithi "The Yellow Wallpaper", Karatasi ya Ukuta ya Manjano, ilitoka mwaka wa 1892, na jina la Weir Mitchell limo ndani, bila kufichwa.

Anayesimulia ni mwanamke aliyetoka kuzaa. Bwana yake, John, ni munganga, na kaka yake ni munganga pia. Wote wawili wanasema hana kitu, ni mishipa tu, apumzike. Wanapanga nyumba kubwa kwa kipindi cha joto, naye anawekwa chumba cha juu. Madirisha yana vyuma, kitanda kimefungwa chini kwa misumari, ukutani kuna karatasi ya manjano yenye maua yasiyoeleweka. Anaandika kwa kujificha, anasukuma daftari pembeni kila akisikia miguu. Siku zinapita, anaanza kuona mwanamke nyuma ya yale maua, ameinama, anatikisa ile karatasi atoke. Mwishoni anajifungia ndani, anachana karatasi, anatambaa kando ya ukuta. John akifungua mlango na kuona, anazimia, na bibi yake anaendelea kutambaa, anapita juu yake.

John si mnyama. Anambeba bibi yake mikononi, anamsomea, anamwita kwa majina madogo ya mapenzi, kama mtu anavyobembeleza mtoto. Kila bibi akisema "mimi sijisikii vizuri hapa", yeye anajibu kwa upole kwamba anaendelea vizuri. Anayekutukana unaweza kumjibu, na jirani akasikia. Anayekubembeleza wakati anakataa kukusikia, utamshitaki kwa nani? Utasema nini kwa mama yako, kwa mchungaji, kwa wasimamizi wa ndoa? "Bwana yangu ananipenda sana, na sipumui"? Watakuambia uende ukamshukuru Mungu.

Kuna jambo moja katika hii hadithi ambalo walimu wanalipita upesi, na mimi naona tusilipite. Ile nyumba ina wanawake wengine. Jennie, dada ya bwana, ndiye anayeendesha kazi za nyumba, na Mary ndiye anayelea mtoto. Anayeandika ana muda wa kuandika, ana karatasi, anajua kusoma. Jennie na Mary hawana ukurasa hata mmoja. Je, wao wanafikiri nini usiku? Gilman hakutuambia. Huzuni iliyoandikwa ni ya yule aliyefika darasani, na wengine tunawaona wakipita tu na sahani.

3. Jikoni kwa Minnie

Hadithi ya tatu inajibu kidogo lile swali, kwa sababu mwanamke wake hakuandika kitu. Aliacha nguo ya kushona.

Susan Glaspell alikuwa mwandishi wa habari katika jimbo la Iowa. Alifuata kwa ajili ya gazeti lake kesi ya Margaret Hossack, mwanamke wa shamba aliyeshitakiwa kwamba alimuua bwana yake kwa shoka mwezi wa kumi na mbili 1900. Miaka mingi baadaye akatoa ndani yake mchezo, "Trifles", mwaka wa 1916, na hadithi fupi, "A Jury of Her Peers", yaani Baraza la Wenzake, mwaka wa 1917. Jina lile lina uchungu. Sheria iliahidi kwamba mtu atahukumiwa na wenzake, lakini pale Iowa, wakati ule, mwanamke hakuruhusiwa kukaa kati ya wale wanaohukumu.

John Wright amekutwa kitandani, amenyongwa kwa kamba. Bibi yake, Minnie, yuko kifungoni. Mkubwa wa polisi na mwendesha mashitaka wanakuja nyumbani kutafuta sababu: kwa nini amuue? Wamekuja na wanawake wawili, Bibi Hale, jirani, na Bibi Peters, bibi ya yule mkubwa wa polisi, kusudi wachukue nguo za kumpelekea mfungwa. Wanaume wanapitia jikoni, wanaona vyombo, wanacheka kwamba wanawake wanahangaika na vitu vya bure. Wanapanda juu, wanaenda kwenye zizi, wanatafuta kitu kikubwa.

Wanawake wawili wanabaki jikoni, na jikoni kunasema. Meza imefutwa nusu. Sukari imetolewa nusu. Mitungi ya matunda imepasuka kwa baridi, umebaki mmoja. Kuna vipande vya kitambaa ambavyo Minnie alikuwa anaviunga. Vyote vimeshonwa vizuri, isipokuwa kimoja ambacho uzi wake unakwenda ovyo, kama mkono ulikuwa unatetemeka. Bibi Hale anakifumua na kukishona upya, bila kusema sana. Halafu kizimba cha ndege, mlango wake umevunjwa. Mwishowe, ndani ya sanduku la kushonea, ndege mdogo amefungwa kwenye kitambaa cha hariri, shingo yake imezungushwa. Minnie, alipokuwa msichana, alikuwa anaimba. Yule ndege njo alikuwa amebaki anaimba mule ndani.

Wanawake wanaelewa kila kitu, na wanaficha yule ndege. Wanaume wanarudi mikono mitupu.

Sasa sikilizeni sifa za marehemu. Bibi Peters anasema watu walimtaja kuwa mtu mzuri, na Bibi Hale anakubali kwa namna yake: hakulewa, alitimiza neno lake kama watu wengi, alilipa madeni yake. Ila alikuwa mtu mgumu, wa kukaa naye ni kama upepo wa baridi. Wanaume wenzangu, ile orodha tunaijua, maana njo yetu. Halewi, hapigi, analeta feza ya chakula, analipa masomo ya watoto. Tukimaliza kuisoma tunajipa alama nzuri. John Wright alikuwa na alama karibu zote.

Nikiombwa kuchagua moja kati ya hizi nne, nachagua hii, na sababu si yule ndege. Sababu ni Bibi Hale. Anajua ile nyumba iko wapi. Alimjua Minnie tangu ujana. Hakuwa anaenda kumwona, kwa sababu nyumba haikuwa na furaha, na kwa sababu hiyo hiyo alitakiwa kwenda. Pale jikoni analisema yeye mwenyewe, kwa uchungu, kwamba kosa lile pia ni kosa, na nani ataliadhibu? Chopin alituonyesha waganga wasiojua. Gilman alituonyesha bwana asiyesikia. Glaspell peke yake anamgeukia jirani, yaani rafiki, yaani wewe na mimi, tulio na namba ya telefone ya mtu na tunangoja yeye aanze.

4. Familia mbili zimekaa

Najua mutasema: hizo ni ndoa za wazungu, watu wawili wamefungwa ndani ya nyumba, hakuna shangazi, hakuna baraza. Kwetu ndoa ni ya familia mbili. Mwanamke akiteseka, wazee wanaitwa, wanakaa, mambo yanasemwa.

Njo maana nilileta Ama Ata Aidoo. Kitabu chake cha hadithi fupi, "No Sweetness Here", kilitoka 1970, na hadithi yenye jina lile, ambayo maana yake ni kwamba hapa hakuna utamu, inatokea katika kijiji cha Ghana. Mwanamke ni Maami Ama. Ana bwana, Kodjo Fi, mwenye wake wengine, asiyemjali. Ana mtoto mmoja tu, Kwesi, kijana mzuri ambaye kila mtu anamwangalia. Anayesimulia ni mwalimu wa shule, msichana aliyesoma, wanamwita Chicha.

Ndoa inavunjwa, na familia mbili kweli zinakaa. Wanasema sana. Wanahesabu vitu, wanahesabu madeni, wanabishana juu ya mtoto. Maneno yanatupwa, ndugu wa bwana wanamshambulia bibi, ndugu wa bibi wanajibu. Katika ile kelele yote, hakuna anayemuuliza Maami Ama miaka ile yote ilikuwa namna gani. Baraza linajua kugawa vitu vinavyohesabika. Huzuni haihesabiki, basi haina kiti pale. Na kabla mambo hayajapoa, Kwesi anaumwa na nyoka, anakufa. Utamu mmoja aliokuwa nao umekwisha.

Aidoo basi anajibu lile pingamizi letu. Watu wengi si lazima wawe masikio mengi. Unaweza kuwa na shangazi kumi na bado ukawa peke yako kwenye dirisha kama Louise Mallard.

Tena kuna Chicha. Yeye ni sisi. Amesoma, ana mshahara, anapendwa kijijini, Maami Ama anamfungulia moyo. Anasikiliza vizuri. Lakini ukisoma kwa makini utaona kwamba macho yake yanamfuata sana yule mtoto, uzuri wake, masomo yake, mahali atakapofika. Maneno ya mama anayapokea. Kuyafanyia kitu ni jambo lingine. Simlaumu. Nasema tu Aidoo alimweka msomi karibu kabisa na ile huzuni, kisha akatuonyesha kwamba kuwa karibu hakutoshi.

5. Kuvumilia na kunyamaza

Kwa hiyo turudi kwenye lile neno la uvumilivu. Kuvumilia ni kazi ya mtu anayejua anabeba nini, na wenzake wanajua pia. Wanaweza kumshika mkono, wanaweza kumbadilisha mzigo. Kunyamaza ni kitu kingine. Louise ananyamaza, hata yeye mwenyewe hajui mpaka dakika ile. Minnie ananyamaza mpaka ile kamba. Tunapowasifu mama zetu kwamba walivumilia, hatujui wangapi kati yao walivumilia na wangapi walinyamaza tu, kwa sababu tuliwasifu mbele ya kuwauliza.

Mtu wa sheria atasema mambo yamebadilika. Ni kweli. Sheria yetu ya Familia ya 1987 ilimweka bwana kuwa kichwa cha nyumba, na ilitaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kwa matendo ya kisheria. Marekebisho ya 2016 yaliondoa ile ruhusa. Ni hatua, na waliopigania hatua ile tuwashukuru. Lakini tazama tena hizi hadithi: hakuna hata moja ambamo karatasi ya ruhusa ingetosha. John angempa bibi yake ruhusa ya kila kitu, isipokuwa ya kuaminiwa anaposema "ninaumwa". Sheria inafungua mlango wa benki na wa tribinali. Mlango wa chumba cha Louise unabaki kwetu.

Nina lawama moja kwa hizi hadithi, na naisema kwa heshima. Zote nne zina kishindo ndani yake: kifo cha ghafla, wazimu, mauaji, mtoto kuumwa na nyoka. Naelewa. Hadithi fupi haina nafasi kubwa, inapenda kitu kilipuke. Hatari yake ni hii: msomaji anaweza kuzoea kungoja mlipuko, akaamini kwamba pasipo mlipuko hakuna huzuni. Lakini wanawake wengi hawafi pale chini ya ngazi na hawachani karatasi ya ukuta. Wanafuta machozi, wanafunga kikwembe, wanatwanga sombe, wanapokea wageni wa bwana na kucheka kwa wakati wake, na kesho wanaamka tena. Miaka arobaini. Huyo hana hadithi yake kati ya hizi nne.

Ninyi muliosoma lugha na fasihi, na ninyi ambao hamukusoma lakini munaandika usiku kwenye telefone, ile hadithi ya tano ni kazi yenu. Iandikwe kwa Kiswahili chetu hiki, cha Goma, cha Kalemie, cha Lubumbashi, kusudi hata Jennie na Mary waisikie. Musimtafutie bwana pembe. Mumpe alama zote: halewi, hapigi, analeta feza, anasali. Kisha mutuonyeshe bibi yake saa nne asubuhi, nyumba imekuwa kimya, na mutuambie anaangalia wapi.

Na sisi vijana wanaume ambao mahari tunaitafuta sasa hivi, tusome "The Story of an Hour" mbele ya kwenda kwa wakwe, ni kurasa tatu tu. Tukifika pale ambapo ufunguo unazunguka mlangoni, tusisome kama Louise peke yake. Tusome kama Brently. Anatoka safari, amechoka, ana mwavuli wake, anapenda bibi yake, anafungua mlango wa nyumba ambayo anaamini anaijua. Hajui ni kitu gani kimepita mule ndani kwa saa moja, na yule ambaye angemweleza ameanguka mbele yake. Mimi sitaki kuingia kwangu namna ile. Bora niulize mapema, na nikiulizwa nijibu, hata kama jibu litaniharibia alama zangu.